Desibeli sita za kwanta na vipande vitatu vya alumini

Desibeli 6. Hiyo ndiyo faida kubwa kabisa ambayo nadharia inairuhusu rada ya kwanta kuipata dhidi ya rada ya kawaida yenye nguvu ileile, na hata hiyo ina masharti makali. Desibeli 6 ni mara 4. Sasa chukua kiakisi cha rada, kile cha vipande vitatu vya bati la alumini vilivyounganishwa kwa pembe mraba, ukifunge kwenye mlingoti wa mashua ya omena pale Dunga. Ukiongeza upande wake kutoka sentimita 20 hadi 30, mwangwi wake unakua mara 5. Fundi wa jua kali wa Kibuye ameshaipita fizikia ya kwanta kabla ya chai ya saa nne.

Hili halisemwi kwa kejeli. Optiki ya kwanta, yaani elimu ya mwanga unaochukuliwa kama chembe moja moja, ni sayansi iliyokomaa, na baadhi ya matunda yake tayari yako kazini angani na maabarani. Tatizo ni jinsi habari zake zinavyotufikia: tunaambiwa kwamba kwanta inaongeza ubainifu wa picha na kuipa rada macho makali, lakini hatuambiwi inaondoa kizuizi gani. Kila chombo cha kuona kina kizuizi chake. Hiki kinazuiwa na upana wa lenzi, kile na urefu wa antena, kingine na joto la hewa, kingine na rangi ya slaidi iliyochanganywa vibaya. Kwanta kwa sehemu kubwa inashughulikia kizuizi kimoja: mtikisiko wa hesabu ya fotoni, yaani chembe hizo za mwanga, tena pale ambapo huwezi kuongeza mwanga. Vyombo vingi tunavyovitumia kuanzia Nakuru hadi Port Victoria havijafika kwenye kizuizi hicho. Anayenunua au kufundisha kwa kufuata vichwa vya habari atalipia dawa ya ugonjwa asio nao.

Tuanze na rada, maana huko ndiko chumvi imetiwa nyingi. Mwaka 2008 Seth Lloyd wa MIT alipendekeza mbinu ya umulikaji wa kwanta. Unatengeneza fotoni pacha zilizofungamana, yaani zilizozaliwa pamoja na ambazo vipimo vyake vinahusiana. Moja unaituma nje, nyingine unabaki nayo. Mwangwi ukirudi unaupima pamoja na pacha iliyobaki. La kushangaza ni kwamba ufungamano wenyewe hufia njiani, umezimwa na kelele, lakini uhusiano unaosalia kati ya mwangwi na pacha bado ni mkubwa kuliko wowote unaoweza kuundwa kwa mawimbi ya kawaida. Mwaka huohuo Si-Hui Tan na wenzake walikokotoa faida hiyo kwa miali inayoweza kutengenezwa kweli maabarani, wakapata zile desibeli 6. Hesabu ni safi. Masharti ndiyo yanayoua.

Sharti la kwanza ni uchache wa fotoni. Faida inapatikana tu kama unatuma chini sana ya fotoni moja kwa kila modi, yaani kwa kila kikasha kimoja cha masafa na muda. Kwenye masafa ya gigahezi 10, hewa yenye joto la kelvini 300 (nyuzi 27 za Selsiasi) ina yenyewe fotoni zaidi ya 600 za joto katika kila modi. Wewe unatumbukiza humo fotoni 0.01. Ukiongeza nguvu ili usikike, faida ya kwanta inayeyuka na unarudi kuwa rada ya kawaida iliyogharimu pesa nyingi.

Fanya hesabu yake, si ngumu. Fotoni moja ya gigahezi 10 ina nishati ya juli 6.6 × 10⁻²⁴. Ukituma fotoni 0.01 kwa modi, kwenye upana wa masafa wa gigahezi 1, unapata wati 6.6 × 10⁻¹⁷. Rada ya kawaida ya chombo cha majini yenye kilele cha kilowati 4, mpigo wa mikrosekunde 0.25 na mapigo 2,000 kwa sekunde hutoa wastani wa wati 2. Ili ile ya kwanta itume nishati ambayo hii ya kawaida huituma kwa sekunde moja, inahitaji karibu miaka milioni 950. Ihurumie kwa ile faida ya mara 4, bado ni miaka milioni 240. Ukipanua masafa mara 10 unafuta sifuri moja tu. Omena hawatangoja.

Sharti la pili ni kuitunza pacha iliyobaki bila kuipoteza hadi mwangwi urudi. Shabaha iliyo kilomita 5 mbali inarudisha mwangwi baada ya mikrosekunde 33. Kwa mwanga wa nanomita 1,550 ungeweza kuizungusha pacha hiyo kwenye kilomita 6.7 za nyuzi za kioo, ukapoteza desibeli 1.3, yaani robo ya fotoni zako. Kwa mawimbi ya rada hakuna uzi wa namna hiyo: kebo nzuri ya koaksia inapoteza kiasi hicho ndani ya mita chache. Tena lazima ujue mapema shabaha iko umbali gani, kwa kuwa pacha na mwangwi vinatakiwa kukutana kwa wakati uleule. Rada ambayo inabidi uiambie mashua iko wapi ndipo ikuambie kama mashua ipo, kwa nahodha ni kichekesho.

Sharti la tatu linawakwaza hata mabingwa. Mwangwi na pacha vinapaswa kupimwa kwa pamoja kabla ya kukuzwa. Ukivikuza kwanza kwa vikuza mawimbi ili uvirekodi na kuvilinganisha kwenye kompyuta, kelele ya vikuza hivyo inakula faida yote. Vipokezi rahisi vinavyojulikana hufikia desibeli 3, si 6. Jaribio la mawimbi ya rada lililochapishwa Austria mwaka 2020 lilitumia friji ya kelvini 0.007, karibu kabisa na sifuri ya joto, na shabaha iliyokuwa mita 1 tu. Mwaka 2023 kundi la Lyon, Ufaransa, lilionyesha faida ya kweli isiyo na ujanja wa hesabu: kugundua kwa kasi iliyozidi ile ya kawaida kwa asilimia 20. Hiyo ni desibeli 0.8, ndani ya friji ambayo bei yake huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Kama fizikia, ni kazi ya kuheshimiwa. Kama rada, bado haijazaliwa.

Kuna na mkanganyiko mwingine unaopita bila kusahihishwa. Umulikaji wa kwanta hausaidii kutenganisha vitu viwili. Unasaidia kujua kama kitu kipo au hakipo. Ubainifu wa rada kwa upande hutokana na antena: sentimita 60 kwenye gigahezi 9.4 zinakupa mwali wa karibu digrii 4, na kwa umbali wa kilomita 5 mwali huo una upana wa mita 350. Mashua mbili zilizoachana mita 200 zitaonekana doa moja. Ukitaka ziwe mbili, nunua antena ya mita 1.2. Kwa mbele na nyuma, mpigo wa mikrosekunde 0.08 hutenganisha mita 12. Takwimu za fotoni hazigusi hata moja ya namba hizo. Setilaiti ya rada ya Sentinel-1, ambayo data yake ni ya bure, inaonyesha magugumaji ya ghuba ya Winam hata mawingu yakitanda. Antena yake ni ya mita 12.3 tu, na ujanja wake ni kuunganisha mwangwi wa sehemu nyingi za njia yake mpaka ifanye kazi kama antena ndefu mno. Hakuna fotoni pacha humo. Wanafunzi wa Kisumu wanaotaka kuongeza ubainifu wa rada wana mengi ya kuvuna hapo kwa kompyuta ndogo, mradi wakumbuke kwamba upepo mkali huyachafua maji yakang'aa kama gugu.

Turudi kwenye alumini, kwa sababu ndiyo yenye faida ya haraka kuliko yote. Ukubwa wa mwangwi wa kiakisi cha pembe tatu ni 4πa⁴/3λ², a ikiwa upande wake na λ urefu wa wimbi. Kwa upande wa sentimita 30 na wimbi la sentimita 3.2, jibu ni mita mraba 33. Mashua ya mbao ya kuvulia hurudisha mita mraba chache, wakati mwingine hata moja haifiki. Kwa hiyo meli inayotoka bandari ya Kisumu usiku inapewa ongezeko la desibeli 10 hadi 15 bila kubadilisha chochote kwenye rada yake.

Yanayoharibu kazi ni madogo. Pembe zikikosea digrii 2, ukingo wa bati unahama milimita 10, karibu theluthi ya wimbi, na mwangwi unatawanyika; fundi atumie kikwadrati cha chuma, si jicho. Mabati ya paa yenye mikunjo hayafai, kwani bonde lake la karibu milimita 18 linazidi nusu ya wimbi. Tumia bati bapa la milimita 1 hadi 1.5, na ribiti ziwe fupi. Mashua huyumba, na kona moja huona vizuri ndani ya digrii kama 20 tu kila upande wa mhimili wake, hivyo tengeneza kiakisi cha kona 8 na ukitundike jinsi ambavyo kona moja ingekinga maji ya mvua. Mwisho, kipandishe. Antena ya meli ikiwa mita 9 na kiakisi mita 2, upeo wa kuonana ni kilomita 18. Kikiwekwa nusu mita juu ya maji upeo unashuka hadi 15, lakini hasara kubwa zaidi ni kwamba karibu na uso wa maji mawimbi yaliyokuja moja kwa moja na yale yaliyogonga ziwa huuana, na mwangwi unazimika kabla hata ya kufika huko.

Kwenye hadubini hadithi ni tofauti kidogo, kwa kuwa huko mwanga wa kwanta umeshafanya jambo halisi. Lakini kwanza tuangalie kizuizi kiko wapi kwenye hadubini za huku, zile zinazosoma slaidi za malaria mchana kutwa katika kaunti za ziwani. Lenzi ya mafuta ya mara 100 ina upenyo wa namba 1.25, kipimo cha upana wa pembe inayokusanyia mwanga. Ubainifu wake unategemea pia kondensa iliyo chini ya slaidi: umbali mdogo unaotenganishwa ni 1.22λ gawa kwa jumla ya namba za lenzi na kondensa. Kwa mwanga wa nanomita 550 na kondensa iliyofunguliwa hadi 0.9, unapata nanomita 312. Mtu akiona picha inang'aa mno akafunga kiwambo cha kondensa hadi 0.3 badala ya kupunguza taa, anapata nanomita 433. Umbali huo ameukuza kwa karibu asilimia 40 kwa kuzungusha kidole. Jambo hili hutokea kila siku kwa sababu kufunga kiwambo huongeza weusi na weupe wa picha, na jicho hudhani limepata picha kali zaidi.

Mengine ni ya aina hiyohiyo. Mafuta ya lenzi yanatakiwa yawe na kipeo cha kupindisha mwanga cha 1.515; mafuta mbadala ya dukani hutia ukungu usioisha kwa kufokasi. Rangi ya Giemsa ya asilimia 10 huachwa dakika 10 hadi 15, na maji yake yawe na pH 7.2. Maji yakiwa na asidi, nukta za Schüffner, madoa yanayosaidia kutambua aina ya kimelea, hazitokei hata ukiwa na lenzi ya dhahabu. Hakuna fotoni pacha itakayoonyesha kitu ambacho rangi haikukigusa.

Halafu kuna hesabu ya vimelea, ambayo inatawaliwa na sheria ileile inayotawala fotoni. Ukihesabu vitu vinavyotokea kwa nasibu ukapata N, mtikisiko wako ni kipeuo cha pili cha N. Vimelea 10 kwa seli nyeupe 200, kwa kuchukulia seli nyeupe 8,000 kwa mikrolita, ni vimelea 400 kwa mikrolita, lakini kosa lake ni asilimia 32. Endelea hadi seli nyeupe 500 upate vimelea 25, kosa linashuka hadi asilimia 20. Uvumilivu wa mpimaji ndio kizuizi hapo. Mwongozo wa kusoma nyuga 100 za tone nene kabla ya kutangaza kwamba hakuna vimelea una msingi huohuo wa takwimu, ingawa wengi hufundishwa kuukariri kama amri.

Sasa, mwanga uliobanwa. Kwa mwanga wa kawaida fotoni hufika ovyo, na mtikisiko wa kipeuo cha pili hauepukiki. Fuwele maalumu inaweza kuusukuma mtikisiko huo kutoka kwenye kipimo unachokihitaji kwenda kwenye usichokihitaji. Kubana kwa desibeli 3 ni sawa na kuongeza mwanga maradufu, basi. Kamera ambayo pikseli yake inashika elektroni 10,000 ina mtikisiko wa 100, asilimia 1. Weka pamoja fremu 4, mtikisiko unakuwa asilimia 0.5: desibeli 6, bila fuwele wala leza, kwa chini ya sekunde moja. Slaidi ya damu iliyokaushwa haijali ikipigwa mwanga wa fremu 4 au 400.

Seli hai inajali. Mwaka 2021 kundi la Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, lilipiga picha za seli hai za hamira kwa hadubini ya Raman, inayotambua molekuli kwa mwanga zinaoutawanya, mahali ambapo kuongeza leza kungeziua, na mwanga uliobanwa ukaongeza uwiano wa ishara kwa kelele kwa asilimia 35. Hapo hakukuwa na njia ya mkato. Vivyo hivyo kwa LIGO, kipimo cha mawimbi ya mvutano, ambacho kimetumia mwanga uliobanwa katika uangalizi wake tangu 2019 kwa kuwa kuongeza leza kunavipasha joto vioo vyake na kuvipinda. Hiki ndicho kipimo cha kuulizia kila pendekezo: je, kuna kitu kinachoungua, kinachokufa au kinachopinda ukiongeza mwanga? Kama hakuna, ongeza mwanga.

Hata pale ambapo jibu ni ndiyo, adui ni upotevu. Kila fotoni inayopotea inarudisha sehemu ya mtikisiko wa kawaida. Lenzi inayopitisha asilimia 80 na kamera inayoshika asilimia 60 vinakuachia asilimia 48. Hapo hata mwanga uliobanwa kikamilifu, ambao haupo duniani, hauwezi kukupa zaidi ya desibeli 2.8. Mbinu ya kufungamanisha fotoni N ili zifanye kazi kama wimbi fupi la λ/N ni dhaifu zaidi. Kama kila fotoni ina nafasi ya asilimia 70 ya kufika, kundi la 4 linafika zima kwa asilimia 24, na kundi la 10 kwa chini ya asilimia 3. Kwenye karatasi ubainifu umeongezeka mara 10, mezani umebaki na giza.

Jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo bora zaidi katika uwanja huu halihitaji fotoni pacha hata kidogo. Mwaka 2016 Mankei Tsang, Ranjith Nair na Xiao-Ming Lu wa Singapore walionyesha kwamba kikomo cha Rayleigh, umbali ambao chini yake nukta mbili zilizokaribiana huonekana moja, ni kikomo cha kamera. Mwanga wenyewe hauna hatia. Nukta mbili zikisogeleana, picha ya kawaida hupoteza habari kuhusu umbali kati yake hadi ikabaki sifuri. Lakini habari hiyo bado imo ndani ya mwanga. Ukiuchambua mwanga kwa maumbo yake kabla ya kuuhesabu, badala ya kuuhesabu pikseli kwa pikseli, habari haipungui. Umbo la kwanza lisilolingana pande zake mbili ndilo linalobeba siri: nukta moja iliyo katikati hailiwashi, nukta mbili zinaliwasha.

Ugumu wake ni wa namba pia. Kama doa la lenzi lina upana σ na nukta zimeachana nusu ya σ, ni asilimia 1.5 tu ya fotoni zinazoingia kwenye umbo hilo. Kichambuzi kinachovujisha asilimia 1.5 kutoka umbo moja kwenda jingine kitaona nukta mbili hata pale ilipo moja. Kusogea kwa shabaha kutoka katikati kunatoa ishara hiyohiyo ya uongo, hivyo lazima katikati ipatikane kwanza kwa kamera ya kawaida na ishikiliwe. Nukta zikiwa tatu au mwangaza wao ukitofautiana, hesabu inabadilika. Hata hivyo, huu ni utafiti ambao mwanafunzi mwenye leza ndogo, matundu mawili ya mikromita na intaferomita ya kugeuza picha (kifaa kinachogawa mwanga na kuukutanisha tena) anaweza kuufanya mezani, na anaweza kugundua jipya. Inashangaza kwamba hausikiki huku, ilhali rada ya kwanta inasikika hadi kwenye redio.

Na kuhesabu fotoni moja moja? Hiyo ni optiki ya kwanta inayofanya kazi tayari, na inatugusa moja kwa moja. Setilaiti ya ICESat-2, iliyorushwa Septemba 2018, hutuma mapigo 10,000 ya mwanga wa kijani kila sekunde, kila sentimita 70 ardhini, na kupima umbali kwa fotoni chache zinazorudi kutoka kila mpigo. Ziwa Nakuru lilipopanda na kumeza barabara na uzio wa hifadhi, na Ziwa Victoria lilipofikia kiwango cha rekodi Mei 2020, chombo cha namna hii kilikuwa juu kikipita. Kasoro yake ni kwamba hurudia njia ileile kila baada ya siku 91, na mawingu hukiziba.

Kwa mito inayofurika, Nzoia kule Budalang'i au Nyando kule Ahero, kifaa kidogo cha aina hiyo kinaweza kufungwa chini ya daraja. Kigunduzi cha silikoni chenye mtikisiko wa pikosekunde 50 hupima umbali kwa milimita 7.5, wastani wa fotoni 100 unaishusha hadi chini ya milimita 1. Kielekezwe wima kabisa, kwa sababu maji matulivu hurudisha karibu asilimia 2 tu ya mwanga, na kifaa kikiinama mwanga huo unaenda kwingine. Tope la Nzoia kwa mara moja ni msaada, linatawanya mwanga kila upande. Mtego wenyewe uko kwenye idadi: kigunduzi kikishika fotoni ya kwanza hulala kwa nanosekunde kadhaa na kukosa zinazofuata. Ukitumia leza kali, fotoni za mwanzo pekee ndizo zinazohesabiwa, umbali unaonekana mfupi na mto unaonekana umepanda. Kengele ya mafuriko italia bila mafuriko. Punguza leza hadi kigunduzi kilie kwa chini ya mapigo 5 kati ya 100, na weka kichujio chembamba cha nanomita 1 kuzuia jua.

Nitataja kwa ufupi mbinu ya picha za fotoni zisizopimwa, iliyoonyeshwa Vienna mwaka 2014 na Gabriela Barreto Lemos pamoja na kundi la Anton Zeilinger. Fotoni ya infraredi inapita kwenye kitu na kutupwa. Pacha yake inayoonekana, ambayo haikukigusa kitu hicho, ndiyo inayopigwa picha. Singapore mwaka 2016 walipima hivyo gesi ya kaboni dioksidi kwenye mikromita 4.3 kwa kutumia vigunduzi vya mwanga wa kawaida. Kwa sehemu kama Menengai, ambako gesi hutoka ardhini, wazo hili lina mvuto kuliko rada yoyote, kwani kamera za infraredi ya kati ni ghali na huhitaji kupozwa. Lakini njia mbili za mwanga lazima zilingane kwa sehemu ya milimita na zisitikisike. Kisima cha mvuke kina mitetemo ya kutosha.

Kwa idara ya fizikia, iwe Maseno, Kakamega au Njoro, meza ya kuanzia si kubwa: leza ya nanomita 405 ya miliwati 50, fuwele ya BBO ya milimita 3 (ndiyo inayogawa fotoni ya leza kuwa pacha), vigunduzi viwili vya fotoni, vichujio vya nanomita 810 vyenye upana wa 10, na saketi ya kuhesabu mapigo yanayokuja pamoja. Pacha hutoka kwenye fuwele zikiwa zimeinama kama digrii 3 kila upande, kwa hiyo kwenye umbali wa mita 1 zitafute sentimita 5.2 kutoka katikati. BBO hunyonya unyevu. Kwa hewa ya Kisumu, ikae kwenye kisanduku chenye jeli ya silika kila isipotumika, la sivyo uso wake unaingia ukungu. Vigunduzi vikiwa vimewashwa na mtu akawasha taa ya chumba, vinaweza kuungua. Weka yupiesi, kwa kuwa stima ikikatika leza hupoteza joto lake na mpangilio wote unasogea.

Kigunduzi kila kimoja kikihesabu 50,000 kwa sekunde na dirisha la pamoja likiwa nanosekunde 10, utapata jozi 25 za bahati nasibu kila sekunde. Ziondoe kabla ya kushangilia. Kisha gawa jozi halisi kwa hesabu ya kigunduzi kimoja, upate sehemu ya fotoni zinazofika. Jozi 2,500 kwa 50,000 ni asilimia 5, na mfumo wa asilimia 5 una faida ya kwanta isiyozidi desibeli 0.2, hata kama karatasi ya mwanafunzi ina neno ufungamano katika kila aya. Sababu za kawaida ni tatu: kichujio cha upande mmoja ni chembamba kuliko cha pili, lenzi za kukusanyia hazilengi sehemu ileile ya fuwele, au leza imekazwa kwenye doa dogo mno. Mwanafunzi apandishe asilimia hiyo hadi 20 kwa vifaa alivyo navyo kwanza. Ikigoma, kamera mpya ya fotoni haitaipandisha.